Mwalimu Kahamishwa, Yameisha

Kila mtaa una mwalimu wake aliyehama ghafla. Hakungoja mwaka uishe, hakuagwa mstarini, hakufungashiwa zawadi. Jumatatu alikuwa mwalimu wa zamu, Alhamisi chumba chake kina kufuli na mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine. Ukiuliza shuleni utaambiwa ni uhamisho wa kawaida. Ukiuliza sokoni, saluni, bombani au kwenye kijiwe cha bodaboda, utatajiwa jina la mtoto, darasa analosoma, ukoo wake na kiasi alichopokea baba yake. Sote tunajua. Hakuna palipoandikwa.

Jambo hili tumezoea kulisema tukiwa wawili watatu na kulinyamazia tukiwa wengi. Kwenye mkutano wa wazazi tunaongea madawati. Tunaongea uji, matundu ya vyoo, mchango wa mlinzi, na kwa nini jaribio la kila Ijumaa linalipiwa. Likikaribia suala la mwalimu na mtoto, vichwa vinainama, mwenyekiti anaangalia saa, mama mmoja anakohoa, na kikao kinafungwa kwa sala. Tukitoka pale getini midomo yote inafunguka, kila mtu na lake, mpaka tunaachana njia panda.

Tuseme mapema kwamba hatuna ugomvi na walimu. Mwalimu ni mzazi wa pili, tumekuzwa na maneno hayo na tunayaamini bado. Wengi wetu tulivushwa na mtu aliyetununulia daftari kwa mshahara wake, aliyekuja nyumbani kumbembeleza baba asituache tukachunge, aliyetukalisha na kutufundisha kugawanya kwa njia ndefu wakati wenzake wameshakwenda zao. Walimu wa namna hiyo wapo mpaka leo, tena ndio wengi, na likitokea la aibu wao ndio wa kwanza kunyooshewa kidole barabarani. Tunachonung'unikia ni kwamba kati ya mtoto na mwalimu pana mpaka ambao kila mtu anaujua ulipo, na ukivukwa hakuna anayesema umevukwa mpaka mtoto aharibikiwe.

Mpaka wenyewe huanza kuliwa kwenye mambo madogo, yale tunayoambiwa tusiyakuze.

Chukua maji. Asubuhi watoto wetu wanatoka na begi mgongoni na dumu mkononi. Dumu la kwanza ni la vyoo vya shule, hatuna neno. La pili ni la kumwagilia miti, hatuna neno. La tatu linaishia kwenye pipa la nyumbani kwa mwalimu, na hapo ndipo tunapoanza kukunja uso. Baada ya maji kuna kuni. Baada ya kuni kuna shamba la mwalimu, na msimu wa palizi ukifika vipindi viwili vya mwisho vya darasa la sita havipo. Ukimuuliza mtoto leo mmesoma nini, anakuonyesha viganja.

Tutaambiwa hii ni elimu ya kujitegemea. Tunaijua. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, shamba alilolizungumzia lilikuwa la shule, na alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua na waone matunda ya jasho lao. Wakubwa wetu waliosoma miaka ile wanakumbuka mahindi ya shule yakichemshwa shuleni na kuliwa na waliolima. Jembe limebaki, shamba limehama. Na hakuna mtoto wa darasa la sita anayeweza kumwambia mwalimu kwamba hili sasa ni lako, silimi.

Kutoka shambani kazi inahamia jikoni, na huko anayetumwa mara nyingi ni msichana yule yule. Ndiye anayebandika maharage ya mwalimu wakati wa mapumziko. Ndiye anayefua Ijumaa. Ndiye anayembembeleza mtoto wa mwalimu wakati wenzake wanasahihishiwa hisabati. Anasifiwa kwamba ana adabu, anatumika vizuri, hana makuu. Mama yake akisikia hivyo anafarijika, kwa sababu mtoto anayependwa na mwalimu huonekana yuko mahali salama. Miezi inakwenda. Siku moja tunagundua kwamba yupo mtoto wa miaka 14 anayejua ufunguo wa mwalimu huwa unafichwa chini ya tofali gani.

Na likishatokea la kutokea, swali la kwanza ambalo mtaa mzima unauliza ni hili: alifuata nini nyumbani kwa mwalimu? Alifuata ndoo. Alitumwa.

Halafu kuna twisheni. Hapa kila mzazi ana lake moyoni. Ada ya shule za serikali ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kuanzia Januari 2016 tukaambiwa elimu ni bila malipo, na tukashukuru kweli. Haukupita muda tukaanza kulipa jioni kile ambacho hatulipi asubuhi. Mwalimu yule yule, somo lile lile, mada ile ile aliyoipita haraka mchana. Mtoto asiyekwenda anaulizwa maswali ambayo majibu yake yalitolewa sebuleni kwa mwalimu. Anaboronga. Anacheka nani? Waliolipa. Basi unakopa, unalipa, mtoto naye aingie hiyo sebule.

Fedha tuiache leo, ina siku yake. Kinachotukosesha usingizi ni saa na mahali. Twisheni inayoanza saa kumi na mbili jioni inaisha saa mbili usiku, na njia ya kurudi haina taa. Wanaanza watoto kumi na wawili, anabaki mmoja amalizie swali gumu. Mlango unafungwa kwa sababu ya mbu. Mwalimu mwenye nia njema anaufunga kwa sababu ya mbu, na mwenye nia nyingine naye anaufunga kwa sababu ya mbu. Sisi tulio nje hatuna namna ya kujua tofauti. Tungekuwa nayo kama twisheni ingefanyika darasani, taa zikiwaka, madirisha wazi, na kila mtoto akaondoka na mwenzake.

Kambi ndiyo inatushinda kabisa. Darasa la saba na kidato cha nne wakikaribia mtihani wa taifa, tunaambiwa tulete godoro, ndoo, kilo kadhaa za unga na za maharage, mtoto alale shuleni ajisomee. Madawati yanasukumwa ukutani, madarasa yanageuka mabweni, wavulana huku na wasichana kule. Nani analala nao? Tunaambiwa yupo matroni. Matroni ni mwalimu wa kike mwenye kichanga nyumbani, na saa nne usiku anakwenda kunyonyesha. Baada ya saa nne yupo nani? Hapo majibu yanakuwa marefu. Mwaka 2023 Serikali ilizuia shule kulaza bwenini watoto wa awali hadi darasa la nne, na wazazi wengi tukaona akili imetumika, maana kuna umri ambao mtoto anatakiwa alale kwao. Lakini kambi ya kwetu haiitwi bweni, kwa hiyo hatujawahi kuona mtu akija kuikagua kama bweni. Inaitwa mkakati wa kuongeza ufaulu. Ukihoji, unaonekana hutaki mtoto afaulu.

Simu tutaipita haraka, kwa kuwa kila aliye na binti anaijua hadithi yake. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni. Lakini ujumbe wa saa tano usiku unaingia, kwenye simu ya dada, kwenye kitochi kilichofichwa chini ya godoro, wakati mwingine kwenye simu ya mama mwenyewe: umelala? Mwalimu mwenye jambo la masomo anajua namba ya mzazi ilipo, imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga.

Sasa fimbo. Wapo watakaosema fimbo ni habari nyingine kabisa, tusichanganye mambo. Sisi tunaona ni habari hiyo hiyo. Kanuni za viboko zipo, za mwaka 2002, na hazifichwi: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyemkasimu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari na kutiwa saini. Muulize mzazi yeyote kama amewahi kuliona hilo daftari. Muulize mtoto kama amewahi kuchapwa vinne vikaishia vinne. Mwalimu wa zamu anasimama getini na fimbo, wanaochelewa wanapiga magoti, anayepita anaongeza chake. Oktoba 2016 nchi nzima ilitazama video ya mwanafunzi wa sekondari Mbeya akishambuliwa kwa mateke na ngumi na kundi la walimu waliokuwa mazoezini, tukashtuka, viongozi wakakemea, tukatulia. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa kwa tuhuma za wizi wa mkoba wa mwalimu. Alikuwa na miaka 13. Kesi ilifika Mahakama Kuu. Sisi huku tulikohoa kidogo, tukarudi kwenye magoti ya getini.

Habari ni hiyo hiyo kwa sababu mtoto ni huyo huyo. Kuanzia darasa la kwanza anajifunza kwamba akiwa shuleni mwili wake uko chini ya mwenye fimbo. Akiambiwa lala chini, analala. Akiambiwa nyoosha mkono, ananyoosha, na akiurudisha anaongezewa. Hakuna siku aliyofundishwa kwamba kuna amri ya mwalimu ambayo anaruhusiwa kuikataa. Kisha akifika kidato cha pili, mwalimu mmoja akimwita stoo ya vitabu peke yake, tunategemea mtoto yule yule ajue kusema hapana kwa sauti, akimbie, aje aseme nyumbani, na ataje jina. Tunamtegemea kwa jambo ambalo watu wazima tumeshindwa kulifanya kwenye mkutano.

Wavulana nao wamo, na wao hata mnong'ono hawana. Mtoto wa kiume akifanyiwa ubaya na mwalimu wake, au na patroni, au na mlezi wa bweni, hakuna tumbo litakalomtangaza. Anaacha kula. Anaanza kukojoa kitandani akiwa kidato cha kwanza. Anakataa shule, anapigwa kwa kukataa shule. Tunasema ana kiburi cha kubalehe.

Sheria tunayo, na si nyepesi. Tangu 1998, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 haulizwi kama alikubali. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikabadilishwa: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, jela miaka 30. Tulipoisikia redioni tulipiga makofi. Wengine tulisema sasa watashika adabu.

Kilichotokea huku chini ni kwamba miaka 30 imepandisha bei ya ukimya. Zamani mtu alikuja na mbuzi na maneno matamu. Sasa, akiona kifungo kinamkodolea macho, anauza kiwanja. Ukoo wake unachanga. Wazee wanakuja usiku, wamevaa makoti, wanakaa sebuleni kwa mama aliyekuwa anakunja nguo za shule, wanaanza na salamu ndefu. Wanasema sisi sote ni ndugu. Wanasema kijana ameteleza. Wanasema ukimfunga umepata nini, na mtoto atalelewa na nani. Baba anaangalia ukuta. Ana deni la pembejeo, ana mdogo wa huyo binti anayetakiwa kuanza kidato cha kwanza, na mezani kuna bahasha inayotosha vyote viwili. Mama akitaka kuongea anaambiwa na shemeji yake, tuachie wanaume tuyamalize. Kesho yake waliokuwa waende kituo cha polisi kuchukua fomu ya matibabu, PF3, hawaendi. Waliokwenda, kesi ikifika mahakamani, shahidi hayupo: amepelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, simu yake haipatikani. Hakimu anaahirisha, anaahirisha tena, mwisho shauri linafutwa kwa kukosa ushahidi, na mtaani tunasema Serikali haina meno.

Funika kombe, mwanaharamu apite. Kombe tumelifunika wote kwa pamoja.

Na kwa miaka mingi aliyelipa ni msichana. Tusijifanye tumesahau. Mimba ilihesabiwa kosa la kimaadili, na kosa la kimaadili lilikuwa sababu ya kufukuzwa. Watoto wa kike walipangwa foleni kupimwa, wengine kwa kuminywa tumbo tu, na aliyekutwa nayo alirudi nyumbani siku hiyo hiyo na begi lake. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake mwenye mimba hatarudi shule ya Serikali, na wako wazazi walioshangilia, nao wana mabinti. Novemba 2021 ndipo Serikali ikatangaza kwamba anayejifungua anaweza kurejea kwenye mfumo rasmi. Tunashukuru kwa hilo, ingawa kurudi na kunyonyesha na kukaa dawati moja na wanaokucheka si kazi ya waraka. Lakini hebu tazama hesabu ya miaka yote ile: msichana alifukuzwa, mwalimu alihamishwa. Mmoja alipoteza shule, mwingine alibadilisha shule.

Huko kuhamishwa ndiko kunakotuchoma kuliko vyote. Kwetu huwa kunatolewa kama msamaha kwa pande zote. Mkuu wa shule ameepuka aibu, afisa elimu kata ameepuka ripoti, familia imepata chochote, mwalimu ameokoka. Barua inasema mahitaji ya kiutumishi. Huko anakokwenda kuna shule ya kata nyingine, mbali zaidi na barabara, ambako wanasubiri mwalimu wa fizikia kwa hamu na watampokea kwa wali na kuku. Huko nako kuna watoto. Hakuna aliyewapigia simu wazazi wa huko. Namba zao hatuna, na tungekuwa nazo tungesema nini, wakati kwenye karatasi hakuna kitu?

Chombo cha nidhamu kipo. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina mamlaka juu ya walimu wa shule za msingi na sekondari za umma, na ikifikishiwa shauri lenye ushahidi inaweza kumfukuza mtu kazi. Lakini Tume itashika kilichoandikwa. Kilichomalizwa sebuleni haifikishiwi. Kwa shule za watu binafsi ni pagumu zaidi. Huko mwenye shule anaogopa jina la shule kuliko kitu chochote, anamlipa mwalimu mshahara wa mwezi mmoja aondoke kimya, na mwezi unaofuata mwalimu anafundisha shule nyingine ya binafsi upande wa pili wa mji. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ili kila mwalimu, wa umma na wa binafsi, awe kwenye rejista moja. Sisi tungependa kuona mzazi anaingia ofisi ya kata, anataja jina, na anaambiwa huyu ana usajili au hana. Mpaka leo kwetu tunauliza kwa wauza mitumba wanaozunguka minada.

Tuwe wa haki. Mwalimu naye mpaka unamuumiza usipokuwa wazi. Binti wa miaka 24 ametoka chuo, amepangiwa shule ambako kidato cha sita kuna vijana wa miaka 20 wenye ndevu. Wanamsindikiza kwa miluzi, wanamwandikia barua, wakikemewa wanasema madam anajidai. Akishtaki ofisini anaambiwa ajiheshimu kwa mavazi. Kijana wa kiume naye kapanga chumba kimoja, uani kuna wapangaji wengine sita, shule haina nyumba ya mwalimu, bomba liko mbali, na akitoka kazini ana madaftari mia ya kusahihisha. Akimtuma mtoto maji, anaona anafanya walichofanya wote waliomtangulia. Na sisi wazazi hatujambo. Tunaishi kilomita nyingi kutoka shule, hatutaki binti apange geto peke yake, basi tunamchukua mtoto kwa mkono na gunia la mahindi tunampeleka kwa mwalimu: Mwalimu, naomba akae kwako, awe kama mwanao, akikosea mchape. Mwalimu mwenye busara anakataa, anasema mama, haiwezekani, hata mimi sitaki. Tunaondoka tukisema anaringa.

Walimu wengi wamekuwa na hofu. Mmoja alitwambia siku hizi hata mtoto akianguka uwanjani anafikiria mara mbili kabla ya kumwinua. Hilo nalo ni hasara. Mtoto aliyeanguka anahitaji kuinuliwa, aliyefiwa anahitaji mkono begani, na hakuna mzazi mwenye akili anayetaka shule ya watu wasiogusana. Mwalimu mwema analindwa na mlango ulio wazi kuliko anavyolindwa na sifa zake. Tunapolalamika kuhusu milango, tunalalamika kwa ajili yake pia.

Hatuombi sheria nyingine. Za kutosha zipo, nyingine hazijafunguliwa kurasa. Tunaomba vitu ambavyo mtu anaweza kuviona kwa macho akipita. Daftari la viboko liletwe kwenye kamati ya shule kila muhula, tulifungue, tuone tarehe na saini. Twisheni ifanyikie darasani na iishe jua likiwa bado lipo. Mtoto asitumwe nyumbani kwa mwalimu, kwa maji, kwa kuni wala kwa kumchukulia miwani, na kama shule haina nyumba za walimu na maji, tuchangie tanki, tumechangia mangapi. Kambi iwe na majina ya watu wazima wanaolala pale, yamebandikwa mlangoni, na mama wawili wa mtaani wapewe zamu. Anayesikiliza siri za watoto asiwe mwalimu yule yule wa nidhamu, maana kwetu ni mtu mmoja mwenye ofisi moja, fimbo iko nyuma ya mlango na kiti cha ushauri kiko mbele yake. Namba 116, ile ya simu kwa mtoto ambayo kupiga ni bure, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa kama ilivyoandikwa kaulimbiu ya shule, na iandikwe karibu na vyoo, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Na mwalimu akihamishwa katikati ya muhula, kamati iambiwe sababu. Ikiwa ni ugonjwa, tumpe pole. Ikiwa ni kumfuata mwenzi wake, tumpongeze. Ikiwa ni lile lingine, basi safari yake iishie kituo cha polisi, dawati la jinsia na watoto, na si shule ya kata ya jirani.

Haya yote tumeshawahi kuyapeleka kwenye mkutano wa wazazi. Yaliwekwa kwenye mengineyo. Mengineyo hufikiwa saa nane mchana, jua kali, nusu ya watu wameshaondoka kuwahi sokoni, waliobaki wana njaa, na katibu ameshafunga daftari lake. Mkutano wa kufungua muhula uko karibuni na ratiba imeshapita majumbani: kufungua, kusoma muhtasari, mchango wa mlinzi, mchango wa uji, taarifa ya taaluma, mengineyo. Tunaomba safari hii suala la walimu na watoto lisomwe kabla ya mchango wa mlinzi, wakati watu bado wapo.